Mrejesho: Kwenda Uingereza kufanya kazi kwa mwenyeji ili nipate chumba na chakula

Niliuliza, nikiwa hapa Ujiji, iwapo ninaweza kwenda Uingereza kwa viza ya matembezi na kukaa kwa mwenyeji mwenye shamba, nikimfanyia kazi saa chache kwa siku, naye akinipa chumba na chakula. Nawashukuru mlionijibu, hasa aliyesisitiza nisome masharti kabla ya kulipa ada yoyote.

Nimeyasoma. Viza hiyo inaruhusu kujitolea kwa siku zisizozidi 30 tu, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa nchini humo. Shamba la mtu binafsi halimo, hata kama hakuna fedha inayotolewa. Mwenyeji alitaka niwaambie maofisa wa uhamiaji kuwa ninamtembelea rafiki, nami nimemwandikia kwa heshima kwamba sitakwenda. (Mama, anayeuza dagaa Kibirizi na kuzijua hila zote za biashara, alicheka aliposikia sharti hilo.)

Sasa nimegeukia mpango wa Ujerumani wa vijana wanaoishi na familia na kusaidia kulea watoto. Huo una viza yake: mwombaji awe hajatimiza miaka 27 na awe na Kijerumani cha ngazi ya A1 (ngazi ya wanaoanza), kazi isizidi saa 30 kwa wiki, na familia humpa, mbali na chumba na chakula, posho ya mwezi. Nimeanza kujifunza lugha kwa simu, na mtihani nitaufanyia Taasisi ya Goethe, Dar es Salaam.