Uhabeshi au Ethiopia: Kiswahili kishike jina lipi?

Mwalimu wa Kisauni
Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Juzi nilikuwa nafundisha hijra ya kwanza, Waislamu walipokimbilia Uhabeshi mwaka 615 na Najashi, mfalme wa huko, akawapa hifadhi. Mwanafunzi akaniuliza, "Mwalimu, Uhabeshi iko upande gani wa Saudia?" Nilipomwambia ndiyo Ethiopia, darasa zima liliduwaa. Wazee wetu walisema Uhabeshi, kamusi zinalo neno, ila magazeti na redio zimeliacha. Naomba maoni: tulirudishe, au tubaki na Ethiopia? Mimi nataka Uhabeshi. Lilitufikia kwa majahazi, hatukuletewa na mkoloni.

Fundi Saa
Ethiopia nalo si la mkoloni, mwalimu. Ni Kigiriki cha kale: *aitho*, naunguza; *ops*, uso. Watu wa nyuso zilizounguzwa na jua. Homer, mshairi wa Wagiriki, kawataja, mungu wa bahari anakwenda kwao kula karamu. Enzi hizo Uingereza yenyewe haijazaliwa.

Binti Shela
Kwa hiyo maana yake walioungua uso, na sisi tulitamke kwa fahari? Hilo ni jina la mtu aliyetutazama akaishia kwenye ngozi. Heri Uhabeshi mara mia.

Fundi Saa
Uhabeshi nalo ukilichimba ni Kiarabu, *habasha*, kukusanya vya huku na huku. Machotara. Haya, chagua dada.

Mke wa Gonder
Kaka Fundi Saa, nimeolewa na Mhabeshi miaka kumi na minane na hilo la machotara nimelisikia mpaka nimelichoka. Wanaolisema hawajawahi kukaa na wenye jina. Habashat limechongwa kwenye mawe ya Yemen tangu kabla ya Uislamu. Ni jina la watu. Na Ezana, mfalme wa Aksum, dola ya kale ya Uhabeshi, wa karne ya 4, alijichongea sifa zake kwa Kigeez, lugha ya kale ya huko, na kwa Kigiriki: upande wa Kigeez anasema Habashat, upande wa Kigiriki anasema Waethiopia. Mtu mmoja, mawe yaleyale, majina yote mawili. Wanangu ni damu mbili, ya Tanga na ya Gonder, na chotara si tusi nyumbani kwangu. Lakini usiwapachike watu maana ambayo si yao.

Fundi Saa
Sikukusudia watoto wako, shemeji. Niwie radhi.

Yohana wa Tukuyu
Mnahangaika bure, jibu liko kwenye Maandiko. Kushi. Yule towashi wa malkia Kandake aliyebatizwa na Filipo, Matendo sura ya 8: Biblia ya wazee inasema mtu wa Kushi, matoleo mengine yanasema Mwethiopia. Na Zaburi ya 68, Kushi ikimnyoshea Mungu mikono. Taifa hilo limetajwa na Mungu kwa jina.

Mnubi wa Kibera
Ndugu Yohana, hapo ndipo damu yangu inapochemka. Kandake hakuwa wa Addis Ababa. Kandake ni cheo cha malkia wa Meroe, na Meroe iko Sudan, kando ya Nile, kaskazini ya Khartoum. Mapiramidi yake yapo mpaka leo, yamekatwa vichwa na wazungu watafuta dhahabu. Wayahudi wa Alexandria walipotafsiri Maandiko kwa Kigiriki, palipoandikwa Kushi wakaweka Aithiopia, kwa sababu kwa Wagiriki Aithiopia ilikuwa kusini ya Misri. Herodotus mwenyewe, mwanahistoria wa Kigiriki, anasema mji mkuu wa Waethiopia ni Meroe. Aksum ikalichukua jina baadaye, na leo kila mhubiri anampeleka malkia wetu kwa jirani.

Yohana wa Tukuyu
Hakuna mhubiri anayemwiba mtu. Sisi tunasoma kilichoandikwa.

Mnubi wa Kibera
Kilichoandikwa na nani, kwa lugha ipi? Ndiyo hoja yangu. Babu yangu aliletwa huku na jeshi la Mwingereza, tukaishi Kibera miaka yote hiyo tukiambiwa hatuna kwetu. Usiniambie nisiguswe na jina.

Ras wa Kigoma
Amani. Mnagombea jina kama kiwanja kisicho na hati. Ethiopia haijawahi kuwa nchi moja tu. Kwenye ramani za zamani hata bahari ya Atlantiki ya kusini iliitwa Bahari ya Ethiopia. Mwaka 1892 kule Pretoria, Mangena Mokone alipochoka kubaguliwa na wamisionari aliunda kanisa akaliita la Kiethiopia, wala hakuwa ametoka Addis. Marcus Garvey wa Jamaika, mtetezi wa watu weusi, na watu wake mwaka 1920 wakatangaza wimbo wao, Ethiopia nchi ya baba zetu, na wengi wao hawajawahi kuiona Afrika. Tena hao wote waliiona vita ya Adwa, mwaka 1898, Mwafrika akimtimua Mtaliano. Jina hili ni la mtu mweusi popote alipo.

Fundi Saa
Adwa ni Machi 1896, ndugu. Na Mokone ametangulia Adwa kwa miaka minne, kwa hiyo yeye hakuitoa kule. Aliitoa kwenye ile Zaburi ya Yohana.

Ras wa Kigoma
Asante kwa mwaka. Hoja inabaki.

Mama Kahawa
Mbona Ghana hamuisemi? Nkrumah mwaka 1957 alichukua jina la dola iliyokuwa Mauritania na Mali, akaipa Gold Coast. Dahomey ikajiita Benin 1975, na mji wa Benin wenyewe uko Nigeria. Jina kubwa hugombewa na wengi.

Mnubi wa Kibera
Basi Sudan ingewahi kuchukua Kushi. Hilo linaniuma.

Mwalimu wa Kisauni
Jamani turudi kwenye Kiswahili. Nauliza tuseme nini sisi. Faida ya Uhabeshi ni kwamba mtoto akisoma habari za zamani za pwani anaelewa: Waarabu, Wahindi, Wahabeshi, Wagala waliokuwa wakishambulia miji kule Malindi, kila mtu kwa jina lake.

Dada wa Moyale
Mwalimu, nimesoma kimya tangu mwanzo, hapo umenigusa. "Kila mtu kwa jina lake"? Hilo la mwisho ni jina la nani? Sisi hatujawahi kujiita hivyo. Ni Oromo. Hilo neno tumeitwa na waliotudharau, na kule ng'ambo mtu akikuita hivyo amekutukana.

Na kuhusu Uhabeshi, sikilizeni. Moyale ni mji mmoja uliopasuliwa na mpaka. Mama yangu anaishi upande wa Kenya, mama yangu mdogo upande wa Ethiopia, wanapelekeana maziwa. Ukimwita mama mdogo Mhabeshi atakuangalia akadhani unaongea na mtu mwingine. Habesha kwa kawaida ni wa nyanda za juu, Waamhara na Watigrinya, na wengine wao ni wa Eritrea, ambayo si Ethiopia kabisa. Sisi tuliingizwa na bunduki za mfalme Menelik wa pili mwishoni mwa karne ya 19. Waoromo leo ndio wengi kuliko kabila lolote nchini humo. Ukiiita nchi nzima Uhabeshi umewaita wenyeji kwa jina la mgeni wao. Ethiopia angalau hakuna kabila linaloitwa hivyo. Katiba ya 1995 inaanza kwa kusema sisi mataifa na watu wa Ethiopia, kwa wingi.

Binti Shela
Dada pole, lakini bibi yangu Lamu alisema neno hilo bila ubaya wowote. Ndilo alilolijua.

Dada wa Moyale
Bibi yako namheshimu. Wewe umeshaambiwa.

Ras wa Kigoma
Dada, haya ya kabila ndiyo yanayomfurahisha adui. Ethiopia ni moja, simba ni mmoja.

Dada wa Moyale
Kaka, wewe uko Kigoma ukimpenda simba kwenye bendera. Mjomba wangu alikatazwa kusoma kwa lugha yake chini ya bendera hiyohiyo. Usinifundishe umoja.

Mke wa Gonder
Mume wangu ni Mwamhara na nitasema ukweli: dada yuko sahihi. Yeye mwenyewe wakiwa na Waoromo mezani hasemi "sisi Habesha". Anasema Waethiopia.

Mchungaji wa Garsen
Mimi Mworma wa Mto Tana. Pwani jina hilo tuliitwa sisi, si Moyale tu. Shuleni mwalimu aliita orodha, akifika kwangu analitumia badala ya jina langu, darasa linacheka. Nilikuwa na miaka tisa. Mwalimu wa Kisauni, naamini wewe si yule.

Mwalimu wa Kisauni
Si mimi, ndugu yangu, na nimeumia kusoma hayo. Neno hilo silitumii tena. Uhabeshi wa Najashi nitaendelea kuusema kwenye somo la hijra, maana ndivyo ulivyoitwa na waliokimbilia, na ulikuwa ni nchi ya Aksum. Kwa nchi ya leo dada amenigeuza, nitasema Ethiopia. Nina kipindi kesho saa mbili. Kwenye habari za Malindi niandike Waorma au Waoromo?

Mchungaji wa Garsen
Wa Tana andika Waorma.

Dada wa Moyale
Na sisi Waborana. Sote ni Oromo.

Mnubi wa Kibera
Na Kandake mwandike Sudan, mwalimu, nakuomba.