Hela ya Krismasi na Januari: naanzaje kuitenga kuanzia sasa hivi Machi?

mama_watatu (Uyole)

Habari zenu wapendwa, ugonile kwa wa Rungwe na kamwene kwa ndugu zetu wa Iringa. Naomba mawazo. Mi nina genge hapa Uyole, mume wangu fundi ujenzi, kwa hiyo mshahara hakuna, ni hela ya leo ipo kesho haipo. Kila Desemba tunaenda Tukuyu kwa wazazi wake na watoto wetu watatu, hiyo safari siikati, bibi yao anatusubiri na mashemeji wa Dar nao wanashuka.

Sasa nimekaa nimepiga hesabu kabisa nimeandika kwenye daftari la madeni ya wateja 😅 Nauli ya wote kwenda na kurudi 40,000, nguo za watoto 90,000, mchele kilo 20 kama 60,000, kuku na nyama 80,000, kitenge cha mama mkwe na sukari na mafuta 70,000, halafu michango yaani kipaimara, harusi, sadaka, 100,000. Inakuja 440,000. Hujapumua Januari hiyo, sare viatu madaftari 210,000 maana shule ya serikali ada hakuna lakini vingine vyote ni vyako, na mwenye nyumba anataka miezi 6 palepale, 60,000 mara 6 ni 360,000. Jumla milioni moja na elfu kumi, na ndo wakati mvua zimekolea fundi kakaa nyumbani anaangalia dirishani.

Mume anasema tutengeneze kibubu cha mbao. Mi nataka kuingia kikoba cha hapa mtaani, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Nyie mnafanyaje? Na tafadhali msiniambie nisiende Tukuyu.

chalii_wa_Kabwe

Kibubu cha mbao na mwenye nyundo wanalala nyumba moja, dada hapo umeshaliwa 😂😂

mwalimu_Mafinga

Dada hongera kwa kuandika, wengi tunasema tu "mwezi wa kumi na mbili mgumu" bila kujua ugumu wenyewe ni shilingi ngapi.

Mi naona tatizo lako kubwa wala sio Krismasi, ni kodi ya nyumba. Yani theluthi nzima ya hiyo milioni ni kodi, na imeangukia Januari kwa bahati mbaya tu ya mwezi mliohamia. Itoe hapo. Ongea na mwenye nyumba, ikifika Julai badala ya kulipa miezi 6 lipa mitatu, 180,000, ile 180,000 nyingine usiile iweke kwa ajili ya Oktoba, Oktoba unalipa miezi 6 yote mpaka Machi. Kodi inayofuata inakuwa Aprili na inayofuata tena Oktoba. Yeye hajapoteza hata mia na wewe Januari umebaki na sare na madaftari tu. Muwahi mapema mwezi wa 5 au 6, usimwendee Julai siku ya kudaiwa atadhani unakwepa.

Hapo lengo lako linabaki 440,000 jumlisha 210,000, yaani 650,000. Watu watakwambia gawa kwa miezi 9 weka 72,000 kila mwezi. Usifanye hivyo, hiyo hesabu ni ya sisi wa mshahara. Fundi ujenzi nyanda za juu huku anakula kiangazi, Machi na Aprili mvua bado, kazi zinafunguka kuanzia Juni. Kwa hiyo Machi mpaka Mei weka 40,000 tu kwa mwezi, Juni mpaka Oktoba weka 90,000, Novemba 80,000. Piga hesabu mwenyewe inakuja 650,000 kamili. Na mume akipata kazi kubwa mwezi wa 7 usisubiri mwisho wa mwezi, kata siku hiyohiyo ya malipo kabla haijaonja daladala.

Pa kuweka: sio kwenye laini ya simu unayofanyia biashara ya genge, itakwenda kwenye nyanya. Mi natumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ile kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, naununua kwa simu na nikitaka kutoa inachukua siku chache za kazi, hizo siku ndo zinaniokoa maana tamaa ya Jumamosi hadi Jumatano imeshapoa.

mhazini_Mwanjelwa

Mama watatu ingia kikoba, ila kabla hujatoa hata hisa moja uliza maswali haya na ukijibiwa kwa kuzungushwa ondoka. Kwanza mnavunja lini, yaani mnagawana akiba lini? Vikundi vingi vinavunja mzunguko tarehe 20 na kitu Desemba, hela inatoka mkononi inaingia stendi na sokoni bei imeshapanda. Sisi tunavunja katikati ya Novemba na mikopo yote inatakiwa iwe imerudi mwisho wa Oktoba, asiyerudisha anakatwa kwenye hisa zake. Nguo za watoto wangu nazinunua Novemba kwenye mabelo ya mitumba hapa Mwanjelwa kabla watu hawajajaa, nachagua kwa raha zangu.

Pili sanduku lina kufuli ngapi na funguo ziko kwa nani. Kufuli tatu, watu watatu tofauti, na mwenye kukaa na sanduku asiwe na funguo hata moja. Kama hela iko kwa simu ya mwenyekiti peke yake hapo hamna kikundi, hapo mmemkopesha mwenyekiti. Tatu mmesajiliwa? Tangu ile sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 vikundi kama vyetu vinasajiliwa halmashauri, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Afu jambo moja watu hawalisemi, kikoba kinakupa mkopo mara 3 ya akiba yako, na hicho ndo kinachokula sikukuu za watu. Unakopa Agosti ya mtaji, Novemba gawio lako lote linakwenda kufuta mkopo unatoka mikono mitupu unapigiwa makofi. Ukiamua hii ni hela ya Krismasi basi usiikopee. Na upatu usiuweke kwenye hesabu hii kabisa, zamu ya Desemba kila mtu anaitaka mtagombana bure.

mzee_wa_Mbozi

Binti yangu shikamoo naipokea hata kama hujanipa 😀 Mwalimu na mhazini wamesema vizuri lakini wote wanaongea hela, hela. Sisi wakulima tukikaa na hela toka Julai mpaka Desemba haifiki, maana Novemba mvua ya kwanza ikinyesha mbolea inaita, na hata hii ya ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23 lazima uwe umesajiliwa na uwe na hela mkononi. Krismasi ya huku inagombana na DAP, mbolea ya kupandia, watu wa Dar hawalijui hilo. Kwa hiyo sikukuu ya kwangu ipo ghalani.

Wewe una mchele kilo 20 kwenye orodha yako. Kwa nini uununue Desemba? Kyela na Mbarali wanavuna kuanzia mwezi wa 5, 6, bei iko chini. Nunua gunia la mpunga, sio mchele, mpunga unakaa na maganda yake bila kuharibika, Desemba unapeleka mashine unakoboa, unakula, na wale mashemeji wa Dar lazima warudi na mchele wa Kyela wasiporudi nao mtasemwa mpaka Pasaka, unawapimia humohumo. Pumba unauza au unampa mwenye kuku.

Mahindi nayo hivyohivyo, kununua gunia mbili Agosti ukauza Desemba au Januari mara nyingi unapata kitu, ila nakwambia mara nyingi sio mara zote. Bei ya huku inasikiliza Tunduma, mpakani na Zambia. 2024 Zambia walipata ukame, NFRA (wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula) wakaingia mkataba wa kuwauzia tani 650,000, mwaka mwingine majirani wamevuna wenyewe unabaki unaangaliana na magunia yako. Na yakauke sawasawa, uweke kwenye mifuko ya PICS ile ya tabaka tatu ufunge mdomo vizuri isiingie hewa, bila hivyo dumuzi (wengine mnamwita skania) Desemba anakuachia unga wa njano tu.

chalii_wa_Kabwe

Mzee salute, shikamoo kwa niaba ya dada. Mi naongezea kitimoto, nunua kitoto cha nguruwe kilichoachishwa mwezi wa 5 ukikilisha vizuri Desemba unachinja, nyama ya sikukuu imo na nusu unawauzia majirani kilo kilo hela ya sare imerudi. Dada una genge, maganda na kabichi zilizolala ndo chakula hicho bure

mhazini_Mwanjelwa

Chalii unampeleka mwenzio pabaya. Homa ya nguruwe haina dawa, na chanjo huku kwetu hatuna, ikiingia mtaani banda linaisha kwa wiki. Na mabaki ya genge peke yake hayanenepeshi nguruwe lazima ununue pumba na mashudu. Hela ya watoto kwenda kwa bibi yao usiiweke kwenye mnyama mmoja. Kuku sawa, chotara wa mwezi wa 8 Desemba yuko tayari na akifa mmoja wanabaki wengine.

bint_Igurusi

Niwakumbushe na sisi wa Idi jamani, kila mara mkisema sikukuu mnamaanisha Desemba tu. Sisi hesabu yetu inahama, Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. 2025 Idi el-Fitri ilikuwa tarehe 31 Machi, kwa mwendo huo 2028 itaangukia mwisho wa Februari na 2030 mwanzoni kabisa mwa Februari, yani imeikaribia Januari ya sare na madaftari. Mimi na mume wangu tumeshaanza kusogeza, tulikuwa tunaanza kutenga mwezi wa 9 sasa tunaanza mpunga ukiuzwa tu mwezi wa 6 au 7. Kwa familia zenye Waislamu na Wakristo (kwetu ni hivyo, shangazi zangu Wamoravian) weka bahasha mbili usichanganye, mana Desemba itakula ya Idi na hakuna atakayejua.

mama_watatu (Uyole)

Asanteni sana, mzee shikamoo jamani nisamehe 🙏 Nimemsomea mume wangu kacheka hiyo ya nyundo. Hilo la kodi kalikubali, anasema mwenye nyumba wetu anaelewa ukiongea naye akiwa ametoka kanisani. Mpunga pia nimeuelewa, nitawatuma wanaoleta mizigo ya ndizi toka huko chini. Nguruwe hapana chalii, banda liko karibu na dirisha la jirani 😂 Swali la mwisho, ile michango 100,000 mnaidhibitije? Maana kadi zinakuja toka Septemba na kila mwenye mtoto wa kipaimara anakuona wewe ndo mama mkubwa.

mwalimu_Mafinga

Andika majina sasa hivi Machi. Watoto wa kipaimara wa mwaka huu wanajulikana, wameshaanza mafundisho. Ndugu wa damu 20,000, jirani na wa jumuiya 5,000, wengine unakwenda kuosha vyombo na hiyo ni heshima kubwa kuliko bahasha. Na usiahidi kwa mdomo kwenye kikao cha harusi, toa ulichonacho palepale, ahadi ndo inakuja kukudai tarehe 22 Desemba.

mzee_wa_Mbozi

Na kuni moja begani ukienda nazo msibani au harusini bado zinapokelewa, msijisahau kwa kukaa mjini.

mhazini_Mwanjelwa

Mama watatu kikundi chetu tunafungua majina wiki ya kwanza ya Aprili, tunakutana Jumapili mchana, hisa 2,000. Nitumie ujumbe kule ndani uje uangalie kikao kimoja bila kulipa, ukiona kufuli haziko tatu rudi hapa utuseme.