Nimepangiwa kutetea ruzuku ya kunasa hewa ukaa, naombeni hoja

Wakuu naomba ushauri, Ijumaa nina mdahalo chuoni na nimepangiwa upande wa kutetea serikali zitoe ruzuku kwa mitambo ya kunasa hewa ukaa, shida mwenyewe sijashawishika. Marekani kwa sheria ya 2022 nafuu ya kodi inafika dola 180 kwa tani inayovutwa hewani ikazikwa ardhini, ikinaswa kwenye bomba la kiwanda dola 85. Aisee hela yote hiyo si bora tupande miti tu! Ila saruji ndo inanikwamisha, maana mawe ya chokaa yakichomwa yanatoa hiyo gesi yenyewe hata utumie umeme wa jua. Nianzie hapo? Na wakinibana kwamba kampuni za mafuta ndo zitakula ruzuku, nijibuje?