Tupeane uzoefu: Uligeuzaje kipaji cha kuandika kwa ushawishi kuwa kazi?

Mwanzisha mada (Morogoro)

Salamu kwenu ndugu zangu. Karibu kila mtaa una mtu anayefuatwa pale barua ngumu inapohitajika: barua ya posa, barua ya kumwomba mwenye nyumba avute subira, maombi ya uhamisho wa kituo cha kazi, au risala ya kusomwa mbele ya mgeni rasmi. Nilikuwa mtu huyo kwa miaka mingi nikifundisha Kiswahili katika shule ya msingi, na ujira wangu ulikuwa soda na ahsante. Leo ninaishi kwa kuandika maandiko ya miradi, yaani maombi ya fedha, ya vikundi na asasi ndogo. Ningependa tupeane uzoefu, kwa sababu vijana wengi huniuliza njia ya kufika huku, nami ninaijua njia moja tu.

Yangu ilianzia kwenye risala. Anayeijua risala anajua kwamba pongezi na historia ya shule ni utangulizi tu, na kwamba uzito wote umo katika aya ya maombi. Risala nyingi huomba mambo kumi kwa pamoja, na mgeni rasmi huahidi kuyachukua yote na kwenda kuyafanyia kazi, jambo ambalo kwa kawaida lina maana ya kwamba hakuna hata moja litakalotekelezwa. Mwaka mmoja nilimshawishi mwalimu mkuu tuombe jambo moja, yaani matundu ya vyoo vya wasichana. Tulitaja idadi ya wanafunzi wanaotumia kila tundu, tukailinganisha na kiwango cha serikali cha tundu moja kwa wasichana 20, tukaonyesha gharama, kisha tukaeleza kwamba wazazi walikuwa wamekwisha kusomba mawe na mchanga. Mgeni alijibu papo hapo. Baada ya sherehe mtumishi wa asasi moja aliuliza ni nani aliyeiandika ile risala, na kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilitoka kwake.

Tafadhali eleza ulitokea kazi gani, malipo ya kwanza yalikujaje, na ni kitu gani cha kazi ya zamani kilichokufaa katika kazi mpya.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mimi nilitokea dukani. Nilikuwa muuzaji wa vitambaa vya mapazia Kariakoo, na ninaamini kwamba sikujifunza kuandika matangazo popote pengine zaidi ya pale kaunta. Mteja akisema "ghali", mara nyingi hana maana ya kwamba fedha haitoshi. Ana wasiwasi kwamba kitambaa kitapauka kikifuliwa, au kwamba jirani yake alikinunua kwa bei nafuu duka la pili. Ukimjibu kuhusu bei, umekosea swali. Nilipoanza kumwandikia mwenye duka maneno ya kutangaza bidhaa kwa simu, niliandika yale yale niliyokuwa nikiyajibu kwa mdomo, kwa mpangilio ule ule ambao wateja walikuwa wakiyauliza. Baadaye nilifurahi kusoma kwamba David Ogilvy naye alianza kwa kuuza majiko ya Aga nyumba kwa nyumba huko Uskoti, na kwamba mwongozo aliowaandikia wauzaji wenzake mwaka 1935 ulichangia kumpatia kazi katika kampuni ya matangazo ya Mather & Crowther jijini London, ambako kaka yake alikuwa akifanya kazi. Kampuni yake mwenyewe aliianzisha New York mwaka 1948.

Siku hizi kazi zangu ni matangazo ya redio na ujumbe mfupi wa simu. Redio ina nidhamu yake: sekunde 30 za Kiswahili hubeba maneno kama 60 tu yakisomwa kwa utulivu, kwa kuwa vitenzi vyetu ni virefu, na ukilazimisha 80 msomaji atakimbia na namba ya simu haitasikika. Kila ninachoandika hukisoma kwa sauti huku nikiangalia saa, kabla hakijafika studio.

Ujumbe wa simu una masharti makali zaidi, na hapa ndipo nilipopata mteja wangu wa kudumu. Alikuwa muuzaji wa chakula cha mifugo, akilalamika kwamba bili yake ya ujumbe imekuwa mara tatu ya alichotarajia. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, na wake haukuzidi 150. Nilipoutazama niliona neno "ng'ombe" limeandikwa kwa ile alama iliyopinda ambayo kompyuta huiweka yenyewe, badala ya alama iliyonyooka. Alama iliyopinda haimo katika seti ya kawaida ya herufi za ujumbe wa simu; ikiingia hata moja, nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70, na ujumbe unakatwa vipande vitatu vinavyolipiwa kila kimoja. Nilibadilisha alama ile, nikapunguza na salamu ndefu ya mwanzo ambayo hakuna aliyeisoma, na tangu hapo hatumi chochote kabla sijakiona. Kwa hiyo ninawaambia wanaoanza wajifunze pia vyombo vinavyobeba maneno yao, kwa sababu mteja hulipia vyote viwili.

Mchangiaji (Mwanza)

Mwalimu, nimefurahia habari ya risala, ila nina swali lenye utata kidogo. Hapa kwetu waandishi wengi wa maandiko hawatozi chochote mwanzoni. Wanapatana na kikundi kwamba fedha ikitoka watachukua asilimia fulani. Vikundi vinapenda utaratibu huo kwa sababu havina akiba. Mimi niliukataa nilipoacha ukarani na kuanza kazi hii, na nimepoteza wateja kwa sababu hiyo. Wewe unafanyaje?

Jambo la pili linahusu ile mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nimekutana na maandiko ya kuomba mikopo hiyo kwa ufugaji wa kuku wa mayai ambayo vikundi vya kata tofauti vimenakili neno kwa neno, pamoja na idadi ya vifaranga na bei ya pumba. Afisa Maendeleo ya Jamii anayepokea maandiko ya namna hiyo siku nzima huyatambua kwa kuangalia ukurasa wa kwanza tu. Mimi hukaa na kikundi kwanza, nikawauliza pumba wanainunua wapi, nani analala bandani, na kuku wakifa watalipaje mkopo. Wanachama hukereka na swali hilo la mwisho, lakini andiko linalolijibu huonekana limeandikwa na watu wanaofuga kweli.

Mwanzisha mada (Morogoro)

Ndugu yangu wa Mwanza, uko sahihi kukataa asilimia. Kwanza, wafadhili wengi hawaruhusu fedha ya mradi imlipe mwandishi kwa kazi iliyofanyika kabla ya mkataba, kwa hiyo asilimia hiyo hulipwa kwa kufichwa katika kifungu kingine cha bajeti, na siku ya ukaguzi kikundi ndicho kinachojibu. Pili, mwandishi anayelipwa kwa asilimia ana sababu ya kuvimbisha bajeti. Mimi natoza kiasi kimoja kinachojulikana, nusu tukianza na nusu nikikabidhi andiko, matokeo yawe mazuri au mabaya. Kikundi kisicho na uwezo ninakipa kazi ndogo zaidi, kwa mfano wasifu wa kikundi wa ukurasa mmoja, ambao watautumia kwa mfadhili yeyote. Ninakubali kwamba utaratibu huu unawaacha nje wale wanyonge kabisa, na sijapata jibu lake.

Mchangiaji (Nairobi)

Nitaeleza njia ambayo hapa Kenya wengi wameipitia bila kuitangaza. Baada ya chuo nilijiunga na biashara ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Ililipa kodi ya nyumba, na ilinifunza kasi na utafiti, lakini ni udanganyifu, na nchini Uingereza sheria ya mwaka 2022 imeifanya kuwa kosa kutoa huduma hiyo kwa wanafunzi wa England. Hata ukiweka maadili kando, ina kasoro ya kikazi ambayo vijana hawaioni: hakuna kazi hata moja unayoweza kumwonyesha mwajiri. Mtu anaweza kuandika kwa miaka mitano na bado akaonekana hajawahi kuandika kitu.

Nilichofanya ni kuchagua kampuni ndogo za hapa ambazo maelezo yao ya huduma hayakueleweka, nikayaandika upya bila kuombwa, kisha nikawatumia wenyewe pamoja na maelezo mafupi ya kwa nini nimebadilisha hiki na kile. Wengi hawakujibu. Kampuni moja ya kusambaza mitungi ya gesi ilijibu, nasi tukakubaliana tupime kwa vitendo: nusu ya wateja wapate barua pepe ya zamani na nusu wapate yangu, kila barua ikiwa na namba yake ya kuagizia. Mbinu hiyo ni kongwe. Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo katika kampuni ya Lord & Thomas ya Chicago mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa akiweka kuponi katika matangazo ya magazeti na kuhesabu zilizorudi, ili ajue ni maneno gani yaliyouza. Tofauti na ushairi, ambao nao naupenda, hapa kuna hesabu, na hesabu hiyo humlinda mwandishi pale mkubwa wa kampuni anaposema hapendi tu mtindo wake.

Kuhusu akili unde (AI), ambayo najua itaulizwa: imeshusha bei ya maandishi ya kawaida, na anayejificha kwa kusema haijamgusa labda hana wateja wengi. Makala za kujaza kurasa sizipati tena. Kilichobaki ni kazi inayotaka mtu atoke nje, aongee na wateja kumi wa gesi, na kugundua kwamba hofu yao kubwa ni mtungi uliojazwa nusu wala si bei. Sentensi iliyotokana na ugunduzi huo, kwamba mtungi utapimwa kwenye mizani mbele ya mteja mlangoni, ilikuwa fupi na haikuwa na urembo wowote, lakini ndiyo iliyoleta maagizo.

Mchangiaji (Mombasa)

Kwetu sanaa hii ina duka lake. Kanga huuzwa kwa mji (mchoro wa katikati), pindo na rangi, lakini jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, ndilo linalomfanya mama aishushe kutoka rafuni na kuisoma mara ya pili. Na duka la Kaderdina Hajee Essak, yaani "Mali ya Abdulla", limejulikana katika biashara hiyo hapa Mombasa tangu karne ya 19. Nilianza kwa kumtungia majina mfanyabiashara mmoja, nikilipwa kidogo kwa kila jina lililokubaliwa. Mnunuzi hatafuti busara ya mtunzi. Anatafuta maneno ambayo yeye mwenyewe anataka kumwambia mtu fulani, na ambayo adabu haimruhusu kuyatamka. Kwa hiyo jina kama "Nimetulia kwangu, hangaika kwako" lazima limfae mke anayemlenga jirani na pia mama mkwe anayemlenga mkwewe, tena lienee katika kisanduku chake bila herufi kubanana.

Malipo ya majina hayawezi kulea familia, nisiwadanganye. Yalinifikisha, hata hivyo, kwa meneja wa hoteli aliyetaka maelezo ya vyumba na safari za mashua kwa ajili ya wageni wa bara, na hiyo ndiyo kazi yangu sasa. Bado ninatumia kipimo kile kile cha kanga: ninajiuliza mgeni huyu angependa kumwambia nini mwenzi wake ili wakubaliane kusafiri, nami ninayaandika hayo.

Mchangiaji (Dodoma)

Nilikuwa mhasibu kabla ya kuhamia uandishi wa matangazo, kwa hiyo nitasema mambo mawili makavu. Mwenye kipaji cha kushawishi hufuatwa haraka sana na wauzaji wa dawa, hasa za nguvu za kiume na za kupunguza unene, na wanalipa vizuri. Nchini Tanzania tangazo la dawa linahitaji kibali cha TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na la tiba asili lina Baraza lake. Mimi huomba nakala ya kibali kabla ya kuandika hata neno moja, na ombi hilo pekee limewaondoa wengi bila ugomvi.

La pili ni kodi. Waandishi wapya hulalamika kwamba mteja "amewakata". Kampuni inayomlipa mkazi wa Tanzania kwa huduma za kitaalamu inatakiwa kuzuia asilimia 5 na kuipeleka TRA (Mamlaka ya Mapato), kwa hiyo ankara ya shilingi 400,000 itakupa 380,000 mkononi. Zile 20,000 hazijapotea. Huhesabiwa kuwa sehemu ya kodi yako ya mwaka, ilimradi una TIN (namba ya mlipakodi) na umepewa cheti cha kodi ya zuio. Dai cheti hicho kila unapolipwa, wala usingoje mwisho wa mwaka, kwa sababu wahasibu huhama na mafaili yao hayaonekani. Na unapopanga bei na mteja, muulize mapema kama kiasi mnachokubaliana ni kabla ya kukatwa au baada ya kukatwa, kisha mkiandike hivyo katika mkataba.