Nchi ndogo na ndege za kivita: kumiliki, kukodi, kumwomba jirani akulinde, au kubaki na rada na makombora? (Ulinganisho)

Mlinzi wa Anga

Wakuu, mijadala ya ndege za kivita huishia kwenye kasi na aina ya makombora. Naomba tuanzie kwenye swali ambalo mtu wa hazina angeliuliza: nchi yenye eneo dogo na bajeti ndogo inapata nini hasa ikinunua ndege 12?

Nimetaja 12 kwa sababu ndicho kiwango cha chini chenye maana. Tuseme lengo ni ndege mbili kukaa zamu usiku na mchana, ziwe hewani ndani ya dakika 15 baada ya kengele kulia. Kati ya 12, tatu au nne zitakuwa zimefunguliwa kwa matengenezo makubwa. Mbili au tatu zitakuwa zimesimama kwa hitilafu ndogo, zinasubiri kipuri. Zinabaki kama sita. Mbili zinakaa zamu, moja ni akiba yao, na tatu ndizo za mafunzo ya kila siku.

Sasa marubani. Wakiwa 18, na kila mmoja aruke saa 180 kwa mwaka kama muungano wa kijeshi wa NATO unavyotaka, ni saa 3,240. Ukizigawa kwa ndege 12 unapata saa 270 kwa kila ndege kila mwaka. Hapo ndipo nchi nyingi hukwama: ndege zipo, saa za kuruka hazipo, na rubani anabaki anajua kupaa na kutua tu.

Njia zilizokwisha kujaribiwa:

Kukodi. Czech ilikodi ndege za kivita aina ya Gripen 14 kutoka Sweden mwaka 2005, Hungary nayo ikachukua 14 mwaka uliofuata. Mkataba wa namna hii unakuja na vipuri na mafunzo, kwa hiyo gharama ya kila mwaka inajulikana mapema.

Kununua zilizotumika. Croatia ilisaini Novemba 2021 kuchukua Rafale 12 za Ufaransa kwa euro milioni 999, za kwanza zikafika Aprili 2024 kushika nafasi ya MiG-21.

Ndege nyepesi. Ufilipino ilikaa bila ndege za kivita tangu F-5 zilipostaafishwa mwaka 2005, kisha ikanunua FA-50 12 za Korea Kusini zilizofika kati ya 2015 na 2017.

Kulindwa na wengine. Estonia, Latvia na Lithuania hazina ndege za kivita. Tangu 2004 wanachama wa NATO wanapokezana zamu za miezi minne kwenye uwanja wa Šiauliai, Lithuania, na tangu 2014 Ämari, Estonia, pia.

Kuacha kabisa. New Zealand ilifuta mpango wa kukodi F-16 28 mwaka 2000, na Desemba 2001 ikavunja vikosi vyake vya ndege za kivita za Skyhawk na za mafunzo za Aermacchi. Fedha zilikwenda kwingine, na baadaye ikanunua P-8A nne za doria ya bahari.

Msimamo wangu: nchi ndogo isiyo na adui mwenye ndege nyingi ianze na rada, halafu makombora ya ardhini. Ndege za kivita zije mwisho, na zije tu kama eneo lake ni kubwa kiasi cha kuzipa muda wa kufanya kazi.

Fundi wa Karakana

Mkuu, hesabu yako ya sita kati ya 12 ni ya nchi iliyolipa bili zake. Tazama Afrika Kusini. Ilipokea Gripen 26, na ni nchi yenye viwanda vya ndege na mafundi wake yenyewe. Mkataba wa matengenezo na mtengenezaji ulipokwisha bila kuwa na mwingine, ndege zote zikasimama kuanzia Septemba 2021, zikaanza kurudi kuruka mwaka uliofuata. Si ajali wala vita iliyozisimamisha. Mkataba tu.

Mambo yanayoisimamisha ndege ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Kiti cha kumrusha rubani nje kina baruti yenye tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita, ndege hairuhusiwi kuruka hata kama haijagusa hewa mwaka mzima. Matairi huisha haraka kwa sababu ndege hizi hutua kwa kasi kubwa. Injini ina saa zake za kufunguliwa, na nchi ndogo haina karakana ya kuifungua, hivyo inasafirishwa nje kwa miezi mingi. Usipokuwa na injini za akiba, ndege inabaki ganda.

Kisha kuna njia ya kurukia. F-16 ina mdomo wa injini chini ya tumbo, karibu na lami. Kokoto moja ikivutwa ndani inaharibu mapanga ya injini, na hasara yake ni kubwa kuliko gari la kufagia uwanja. Kwa hiyo njia inafagiliwa kila siku, na watu wanatembea kwa mstari wakiokota kila msumari na kipande cha waya. Su-30 ina wavu unaofunika mdomo huo ikiwa chini, ndiyo maana inavumilia viwanja vibaya zaidi.

Mwinuko nao uhesabiwe. Uwanja wa Kigali uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini inatoa nguvu pungufu, na mchana wa joto ndege iliyobeba mabomu na mafuta kamili inahitaji njia ndefu zaidi ya kupaa. Takwimu za kwenye kijitabu cha mauzo zimepimwa usawa wa bahari na nyuzi joto 15.

Bibi Rada

Naongeza upande ambao hausemwi: viti. Kiti kimoja cha mwongozaji wa ndege mbele ya rada kinachokaliwa usiku na mchana kina saa 8,760 kwa mwaka. Mtu mmoja, ukitoa likizo, ugonjwa na kozi, anatoa saa kama 1,750. Yaani watu watano kwa kiti kimoja. Hesabu marubani wawili, mafundi wa ndege mbili, mwongozaji, msaidizi wake, na ofisa mwenye mamlaka ya kupiga simu serikalini, kisha zidisha kwa tano.

Uswisi ilifunzwa hilo hadharani. Tarehe 17 Februari 2014, rubani msaidizi wa Ethiopian Airlines safari ET702, Addis Ababa kwenda Roma, alimfungia nje rubani mkuu na kuipeleka Boeing 767 hiyo Geneva. Ilisindikizwa na ndege za Italia na Ufaransa. Uswisi ilikuwa na F/A-18 na F-5 kwa makumi, lakini jeshi lake la anga lilikuwa linafanya kazi saa za ofisi, na ET702 ilitua alfajiri. Zamu ya saa 24 ilikamilika mwishoni mwa 2020. Ndege walikuwa nazo siku zote. Kilichochukua miaka ni kupata watu.

Na rada yenyewe ina mipaka ya maumbile. Umbali wa kuona, kwa kilomita, ni takriban 4.12 ukizidisha na jumla ya kipeuo cha pili cha kimo cha antena na kipeuo cha pili cha kimo cha ndege, vyote kwa mita. Antena ya mita 25, ndege inayoruka mita 100: 4.12 mara (5 + 10), karibu kilomita 62. Ndege ya kilomita 900 kwa saa inakwenda kilomita 15 kwa dakika. Una dakika nne. Penye milima ni chini ya hapo, maana kila bonde ni kivuli. Ndege iliyo tayari kwa dakika 15 itapaa kumtafuta mtu aliyekwisha kuondoka.

Kando ya Kivu

Dakika nne za Bibi Rada kwetu ni nyingi. Novemba 7, 2022, ndege ya kivita ya Kongo aina ya Su-25 iligusa uwanja wa Rubavu, Rwanda, na kuondoka. Rwanda haikuchukua hatua ya kijeshi. Januari 24, 2023, Su-25 nyingine ilipigwa kombora kutoka ardhini ikatua Goma inawaka. Rwanda ilisema ndege imevuka mpaka, Kongo ikasema ilikuwa ndani ya anga lake na kuliita tendo hilo la kivita. Goma na Rubavu zimegusana. Hakuna ndege ya kukatiza ingekuwa na nafasi ya kufanya lolote hapo. Kombora la begani linafika kimo cha mita 3,500 hivi, na askari wawili wanalibeba.

Rubani wa Zamu

Hapa ndipo ninapotofautiana nanyi. Kombora lina majibu mawili: kukaa kimya au kuua. Ndege ya kivita ina majibu mengi katikati, na sheria ya kimataifa inayataka.

Ibara ya 3 bis ya Mkataba wa Chicago, iliyoongezwa mwaka 1984 baada ya ndege ya abiria ya Korea kutunguliwa mwaka uliotangulia, inazitaka nchi zijizuie kutumia silaha dhidi ya ndege za kiraia zilizo angani. Kinachoruhusiwa ni utaratibu. Ndege ya kukatiza inakaa mbele kidogo na juu kidogo, kwa kawaida kushoto, ili rubani mkuu aione. Inayumbisha mabawa na kuwasha na kuzima taa zake. Inaita kwenye masafa ya redio ya dharura, 121.5. Aliyekatizwa akijibu kwa kuyumbisha mabawa, inageuka taratibu kuelekea inakotaka afuate. Muda wote huo rubani anasoma namba ya usajili, anatazama kama vioo vimeganda kwa ndani, kama kuna mtu anaonekana kwenye usukani. Rada haioni hayo.

Bila macho hayo, makombora yanakuwa hatari kwa mwenyewe. Januari 8, 2020, walinzi wa anga wa Iran waliitungua ndege ya Ukraine iliyokuwa imetoka tu kupaa Tehran. Watu 176 walikufa. Iran ina ndege za kivita, lakini alfajiri ile waliokuwa kwenye mtambo waliamua kwa kioo cha rada peke yake.

Na kuhusu New Zealand: mnahesabu fedha zilizookolewa bila kuhesabu ujuzi uliokwenda. Marubani wake wengi walihamia majeshi ya anga ya Australia na Uingereza. Ukitaka kurudi leo, ndege unaweza kuipata kwa miaka mitatu au minne. Kiongozi wa kikosi anayeweza kupanga mapigano ya ndege nane na kuwafundisha wengine ni kazi ya miaka kumi, na aliyemfundisha yeye hayupo tena.

Mlinzi wa Anga

Rubani, hoja ya macho naikubali bila masharti, na nabadilisha nilichoandika juu: nchi iliyo na njia za ndege za abiria juu yake inahitaji kitu cha kwenda kutazama. Lakini kitu hicho si lazima kifike mara mbili ya kasi ya sauti. Ndege za abiria hupita kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Ndege nyepesi ya jeti inayopita kasi hiyo, yenye mzinga na redio sahihi, inatosha kwa ukaguzi. Super Tucano, ndege nyepesi ya propela, haitoshi, maana inaishia karibu kilomita 590 kwa saa. Hiyo ni ya kufukuza ndege ndogo za magendo na kusaidia askari wa miguu. Nigeria ilipokea 12 mwaka 2021 kwa kazi hiyo ya pili.

Tutenganishe pia kulinda anga na kupiga mabomu. F-5 za Kenya zilitumika kusini mwa Somalia mwishoni mwa 2011 dhidi ya wapiganaji wasio na ndege. Su-30MK2 sita za Uganda, zilizokabidhiwa 2011 na 2012 katika ununuzi ulioripotiwa kuwa dola milioni 740 pamoja na silaha, zina masafa ya kilomita 3,000 katika nchi yenye urefu wa kilomita 600 na kitu. Hiyo ni silaha ya kufika mbali. Mtu anaweza kuitetea, ila aitetee kwa jina hilo.

Kando ya Kivu

Droni je? TB2 ya Uturuki inakaa hewani saa 27 na inabeba kilo 150 za mabomu madogo.

Rubani wa Zamu

Kwa kutazama mpaka na kupiga shabaha isiyo na kinga, ni sahihi kabisa. Kwa kukatiza ndege, hapana: mwendo wake wa juu ni kama kilomita 220 kwa saa.

Wakili wa Mipaka

Njia ya kumwomba jirani akulinde imepitwa haraka mno. Baltiki inafanya kazi kwa sababu ya NATO: kituo kimoja cha amri, masafa ya redio ya pamoja, mfumo mmoja wa kutambua rafiki na adui. Jumuiya ya Afrika Mashariki haina doria ya pamoja ya anga. Anayetaka kuianzisha aandike kwanza majibu ya maswali haya. Ndege ya jirani ikivuka mpaka ikifuata mtu, inaruhusiwa kwenda umbali gani? Inaruhusiwa kusindikiza tu, au kufyatua? Amri inatoka kwa waziri wa nchi gani, na asipopatikana kwa dakika tano, kwa nani? Ikianguka kijijini, nani analipa fidia? Picha ya rada inapitia waya gani, na jirani akikasirika anaweza kuizima?

Hungary imekuwa ikilinda anga la Slovenia tangu 2014, na Italia nayo. Yote hayo yako kwenye maandishi kabla ndege ya kwanza haijapaa.

Fundi wa Karakana

Kwa hiyo kwa nchi ya ukubwa wa Rwanda au Burundi, manunuzi ningeyapanga hivi: rada mbili au tatu, kila moja ikifunika mabonde ambayo nyingine haiyaoni, waya wa moja kwa moja kati ya chumba cha jeshi na waongozaji wa ndege za kiraia, makombora ya begani, kisha betri (yaani seti za mitambo ya kurushia makombora) za masafa ya kati. Lithuania ilisaini mkataba wa euro milioni 110 mwaka 2017 kwa betri mbili za makombora ya NASAMS. Baada ya hapo jeti nyepesi nne hadi sita, na mkataba wa vipuri wa miaka kumi usainiwe siku ileile ya kununua ndege. Ukisainiwa baadaye, muuzaji tayari amekushika.

Bibi Rada

Ongeza jenereta mbili kwa kila kituo cha rada, na tangi la mafuta la siku saba. Kilele chenye upeo mzuri wa kuona ndicho chenye umeme mbovu.