Mrejesho: kilo 38 kwa mvulana wa miaka 9

Niliuliza kama kilo 38 ni nyingi kwa mvulana wa miaka 9 mwenye kimo cha sentimita 132. Hesabu ya BMI (uzito kwa kilo ugawanywe kwa kimo cha mita mara kimo): 38 ÷ (1.32 × 1.32) = 21.8. Kwa mtu mzima ni sawa kabisa, ila kwenye chati ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya miaka 5 hadi 19 imevuka mstari wa +2 (mstari wa pili juu ya ule wa kati wa umri wake), yaani unene uliokithiri.

Daktari alianza na kimo. Mtoto anayenenepa huku harefuki hupimwa homoni, hasa za tezi ya shingo, na huulizwa dawa anazotumia, kama steroidi. Huyu anarefuka vizuri, kwa hiyo lengo ni uzito usimame, kimo kiufikie. Soda na juisi basi. Alale kwa muda wa angalau saa 9 kila usiku, acheze dakika 60 kila siku.