Daraja la biznesi kwenye ndege Lubumbashi–Montréal kwa mama mwenye goti bovu: nipitie wapi bei iwe nafuu?

Dada_BelAir
Jambo wandugu. Naomba ushauri kwa waliozoea safari ndefu za kuvuka bahari. Mdogo wangu anaoa Montréal mwezi wa nane na mama lazima awepo. Viza za Kanada tumepata wote wawili. Kinachonisumbua ni goti lake: akikaa muda mrefu bila kunyoosha mguu linavimba, na kesho yake hatembei. Watoto tumechanga feza apande biznesi, mimi nikikaa nyuma haidhuru.

Ajansi moja hapa mjini imenipa bei moja tu, kwenda na kurudi kwa njia ya Kinshasa na Bruxelles. Kwa feza ile ningenunua gari la mtumba na chenji ikabaki. Nilipouliza kama kuna nafuu, kijana akajibu bila hata kugeukia kompyuta: "Mama, biznesi ni biznesi." Ndivyo ilivyo kweli? Pasipoti zetu ni za Kongo, viza ya Ulaya hatuna.

Fundi_Katuba
Biznesi ni biznesi? Huyo usimpe hata franka. Ngoja wanaojua waje.

Papa_Luano
Binti, nimekatia watu tiketi kabla sijastaafu, kwa hiyo soma polepole.

Ndani ya kabini moja ya biznesi kuna bei kadhaa, kila moja na herufi yake. J kwa kawaida ndiyo ya juu: unabadili tarehe utakavyo, ukighairi unarudishiwa feza. Chini yake kuna C, D, Z, I, na kila shirika linazipanga lilivyopenda. Kiti ni kilekile na chakula kilekile, masharti tu ndiyo yanabadilika. Ajansi ikiulizwa kwa haraka inatoa iliyo wazi siku ile, na mara nyingi ni ile ya juu. Rudi pale, usiseme "biznesi ni ngapi". Sema: "Hii ni herufi gani, na ya chini yake inapatikana tarehe gani?" Utamwona kijana anakaa vizuri kwenye kiti chake.

Halafu, kiti cha biznesi cha safari ndefu kinalala kama kitanda; usinunue kitanda mahali ambapo hakuna usiku. Chukua karatasi uchore safari vipande vipande. Kinshasa–Bruxelles ni usiku. Bruxelles–Montréal ni mchana: unaondoka kumekucha, unafika jua lingali juu. Kurudi ndiko kunakogeuka, Montréal unaondoka jioni na Ulaya unafika asubuhi. Mashirika mengi yanakubali kuchanganya madaraja ndani ya tiketi moja, biznesi kwenye kipande cha usiku na ile klasi ya katikati, yenye nafasi ya miguu, kwenye kipande cha mchana. Ajansi haikupi hesabu hiyo mpaka uiombe, maana ni kazi ya kuandika upya.

Ila kwa mtu wa Lubumbashi mimi ningepima kwanza njia ya Addis Ababa. Ethiopian inatua hapa kwenye uwanja wetu wa Luano, na kutoka Addis inakwenda Toronto. Tiketi moja, huna haja ya kuomba Mungu ndege ya ndani ifike Kinshasa kwa wakati. Luano–Addis ni saa chache tu na ndege yenyewe ni ndogo. Biznesi yake ni kiti kipana, siyo kitanda cha kulala sawasawa. Kitanda kinaanzia Addis. Msishangae ndege ikitua mahali kuongeza mafuta wakati wa kwenda: uwanja wa Addis uko juu zaidi ya mita 2,300, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya kuvuka bahari inapata taabu kuruka kule. Kurudi huja moja kwa moja. Toronto mnapita uhamiaji wa Kanada, kisha Montréal ni mwendo wa saa moja na kidogo.

Kasumba_Express
Mzee amesema vizuri, lakini hajagusa pale bei inapoanzia. Shirika lilelile, kiti kilekile kutoka Addis, ila ukianza safari Ndola bei inaweza kushuka sana kuliko ukianza Luano. Mashirika yanapanga bei kwa soko la mji unaoanzia, na kodi za kwetu mnazijua. Mimi nikienda kazini Ulaya naanzia Zambia.

Papa_Luano
Ni kweli kwa kijana mwenye begi la mgongoni. Sasa mpitishe mama wa goti mpakani Kasumbalesa, malori ya shaba yamepanga foleni, ashuke hapa agonge muhuri, ashuke tena kule, kisha Chililabombwe, Chingola, Kitwe, mpaka Ndola, alale hoteli. Goti litavimba kabla hajaona ndege. Na tiketi iliyoanzia Ndola itawarudisha Ndola. Feza mtakayookoa mtampa daktari.

Dada_BelAir
Aksanti sana Papa. Ndola hapana, mama hataki hata kusikia Kasumbalesa. Swali: njia ya Bruxelles, kama hatuna viza ya Ulaya, uwanjani tunaruhusiwa kupita?

Mwanasheria_wa_Golf
Hapa msikilize kwa makini, watu wengi wanakwama kwenye kaunta. Kongo yetu iko kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupita uwanjani katika nchi zote za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, hata kama hutoki nje ya mlango. Lakini sheria hiyohiyo inamsamehe mwenye viza halali ya Kanada, Marekani au Japani, akienda huko au akirudi baada ya kuitumia. Kwa hiyo nyinyi mnapita, mradi msitoke eneo la kimataifa.

Mtego uko kwenye tiketi mbili. Mtu anaona ofa nzuri ya biznesi Paris–Montréal, anainunua peke yake, halafu anatafuta namna ya kufika Paris. Valizi haziunganishwi, lazima atoke kuzichukua na kuziandikisha upya, na kutoka ni kuingia Schengen. Huo msamaha hausaidii tena. Karibu ofa zote nzuri mnazoziona mitandaoni ni za watu wanaoanzia Ulaya. Hata ile La Compagnie ya Paris Orly kwenda Newark, ndege yote biznesi, viti 76 tu na bei inavutia kweli, kwa pasipoti yetu inataka viza ya Schengen na ya Marekani juu yake. Izoee kuiona, uipite.

Mama_Kiwele
Dada, kuna mutu wa WhatsApp anauzisha biznesi nusu bei. Usishike! Njo vile balikula feza ya jirani yetu. Balimutumia karatasi muzuri kabisa, kufika Luano jina haiko.

Papa_Luano
Asante Mama Kiwele. Wengi wa hao wanatumia maili (pointi za safari) za watu wengine au kadi za wizi. Shirika likigundua, linafuta tiketi hata ukiwa safarini. Ile namba ya herufi na tarakimu, jumla sita, inaonyesha nafasi imewekwa tu, siyo tiketi. Dai namba ya tiketi yenyewe, tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: 071 ni Ethiopian, 082 ni Brussels Airlines, 014 ni Air Canada. Ukishaipata, ingia kwenye tovuti ya shirika uangalie wewe mwenyewe kabla hujatoa feza iliyobaki.

Yaya_Montréal
Mimi niko huku. Bwana harusi ana kadi ya benki inayokusanya pointi za Aeroplan? Wengi wetu huku tunazo na tunazisahau. Aeroplan ni programu ya pointi ya Air Canada, na Air Canada na Ethiopian wako muungano mmoja, Star Alliance, kwa hiyo pointi zake zinaweza kumkatia mama kiti cha Ethiopian. Na Aeroplan haiongezi ile ada ya mafuta ambayo programu nyingine zinaibandika juu ya tiketi ya pointi. Pointi zikitosha upande mmoja, mama aje kwa pointi na arudi kwa feza. Nafasi za namna hiyo ni chache, atafute tarehe kadhaa, asing'ang'anie Jumamosi ya kabla ya harusi.

Dada_BelAir
Kumbe! Namwandikia sasa hivi. Na mwezi wa nane si ndio bei mbaya kuliko zote?

Papa_Luano
Kwa ekonomi, ndiyo. Biznesi ina kalenda yake. Wanaoijaza kati ya Ulaya na Amerika ni watu wa kampuni, na mwezi wa nane wako likizo, kama vile Noeli. Kabini inabaki na mapengo, mashirika yanashusha bei, kisha mwezi wa tisa ofisi zikifunguliwa inapanda tena. Kwa hiyo mkirudi mwisho wa mwezi wa nane ni bora kuliko katikati ya wa tisa. Upande wa Addis usitegemee sana hilo, likizo ndiyo wakati familia zetu zinasafiri na ndege zinajaa. Ndiyo maana nasema uombe bei zote mbili, uzilinganishe. Na hizo habari za kununua Jumanne usiku waachie watoto wa TikTok.

Muuguzi_Kamalondo
Samahani kuuliza: mama anahitaji kitanda, au anahitaji asitembee? Maana kiti cha magurudumu ni bure kwa daraja lolote. Unaomba wakati wa kukata tiketi, au angalau saa 48 kabla, anasukumwa tangu kaunta mpaka mlango wa ndege, na kwenye foleni za uhamiaji mara nyingi anatangulizwa. Nimeona familia zinalipa biznesi safari nzima ili mzee asisimame foleni.

Dada_BelAir
Anahitaji vyote viwili, ila tatizo ni kwamba "mimi si mgonjwa". Nitamwambia ni huduma ya wamama wa bwana harusi.

Taarifa: nimerudi ajansi. Nimeuliza herufi. Ilikuwa J! Kijana amenitolea njia ya Addis, mama biznesi na mimi ekonomi, ya kwenda inaondoka katikati ya wiki, na bei imeshuka kwa zaidi ya robo. Ila hiyo herufi ya chini inatoza ukibadili tarehe. Nikubali?

Papa_Luano
Tarehe ya harusi imeshapangwa na viza ziko mkononi, utabadili nini? Kubali. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: kama Go-Pass, ile ada ya uwanja wa ndege, imo ndani ya bei, na kama kipande cha Addis–Toronto kimeandikwa biznesi kweli. Wakati mwingine bei inashuka kwa sababu wamekuwekea biznesi Luano–Addis tu, na usiku wote kuvuka bahari uko ekonomi.

Dada_BelAir
Nimeangalia, Luano–Addis na Addis–Toronto vyote biznesi. Toronto–Montréal ekonomi.

Fundi_Katuba
Saa moja hiyo, mama atavumilia. Lipa.